Mkuu, sitisha kwanza hilo lori la udongo

Unasema umeagiza lori la udongo mweusi wenye samadi, usambaze sentimita 10, umwage mbegu za nyasi za asili Jumamosi, halafu unauliza uchague mbegu zipi, umwagilie mara ngapi na ukate kwa urefu gani. Hayo yasubiri. Piga simu sasa hivi usitishe lori.

Kwa mita za mraba 100, sentimita 10 ni mita za ujazo 10 za udongo usiojua ulikochimbwa. Huenda umejaa mbegu za magugu, na unaweza kuwa na ndago, gugu sugu linalofanana na nyasi lenye viazi vidogo ardhini. Ndago ukiivuta hukatika, viazi vyake vinabaki chini vimeungana kama shanga kwenye uzi. Kile cha mbele ndicho kinachowazuia wenzake wasichipue, kwa hiyo ukikiondoa peke yake umewaamsha wote. Ukifunika kwa plastiki nyeusi, inaitoboa. Glaifoseti, dawa ya kuua magugu, inaunguza kilichochipua, viazi vilivyolala vinasubiri zamu yao. Na ndago ikishakaa katikati ya nyasi changa huna pa kupulizia, utaua vyote.

Samadi nayo inakuponza. Nyasi za ukame hutumia muda wa mwanzo kushusha mizizi, juu huoni kitu. Magugu yanaidaka ile naitrojeni, rutuba iliyo kwenye samadi, yanarefuka, yanazinyima jua, na miche inakufa huku maji yapo. Nyasi kama buffalo grass (nyasi fupi za ukame za Amerika Kaskazini) hutosheka na gramu 5 hadi 10 za naitrojeni kwa mita ya mraba kwa mwaka mzima! Tena udongo laini ukilazwa juu ya ardhi ngumu, maji husimama pale tabaka hizo mbili zinapokutana, mizizi inaishia hapohapo. Mizizi ya sentimita 10 haivuki kiangazi.

Inaudhi kusikia mtu akiambiwa na mshauri "nyasi za asili hazina kazi, wewe tupa mbegu tu", kisha mshauri yuleyule anarudi kumuuzia dawa ya magugu. Hata dawa za kuua magugu ya majani mapana huweza kuunguza miche ya nyasi ikiwa bado michanga.

Shika kanuni hii moja: USIPANDE mpaka uloweshe ardhi mara mbili mfululizo na zote mbili kisiote kitu.

Tumia udongo ulio nao. Legeza sentimita 10 hadi 15 mara moja tu, sawazisha kwa reki, kisha mwagilia kana kwamba umeshapanda. Baada ya siku 10 hadi 14 magugu yatakuwa yameota. Yakwatue yakiwa bado madogo, siku ya jua kali, jembe lisizame zaidi ya sentimita 2 au 3. Ukichimba zaidi unapandisha mbegu mpya juu na kazi inaanza upya. Loweka tena, kwatua tena, mpaka kanuni ile itimie. Ndago ikichomoza ikate kabla ya wiki 3, maana ukiichelewesha inatunga viazi vipya. Kila chipukizi unalokata linakula akiba ya kiazi. Kama imejaa, tumia kiangazi: lima, viazi vianikwe juani, geuza udongo kila baada ya siku kadhaa, na usimwagilie hata tone. Ndiyo, msimu mzima unaweza kupita. Subiri.

Maji: ukishapanda, wiki 2 au 3 za mwanzo kidogo kidogo kila siku, juu pasikauke. Baadaye ruka siku, ila kila ukimwagilia loweka mpaka bisibisi ndefu izame sentimita 15 bila kulazimisha.

Na kama lori limeshamwagwa, usiusambaze. Chota udongo sehemu tano za lundo, mpaka katikati, utandaze kwenye trei pana, uweke juani na uulowanishe kwa wiki 2 au 3. Likitokea chipukizi gumu, lenye kung'aa, majani yamepangana pande tatu, hiyo ni ndago. Waite waliokuuzia waje wauzoe.