Mpe Mgeni Kalamu: Majibu ya Maswali Yenu Kuhusu Mashabiki Wapya wa Spidiwei

Maswali mliyonitumia safari hii yanarudi pale pale: spidiwei, mbio za pikipiki kwenye njia ya udongo, itapata wapi mashabiki wapya, maana wengi wa waliojaza viwanja miaka ya nyuma umri umewatupa mkono? Nimechagua machache. Ninachoamini nakisema mapema: mchezo huu haujawahi kukosa utamu. Tunachokosa ni mtu wa kukaa na mgeni, akamwonyesha cha kutazama, na akamfanya atamani kurudi.

"Mimi ni mgeni kabisa. Naona pikipiki zinazunguka tu. Nitazame nini?"

Karibu sana. Waendeshaji ni wanne, mizunguko ni minne, wanakwenda kinyume cha mshale wa saa kwenye njia ya udongo yenye umbo la yai, na ndani ya dakika moja hivi mbio imekwisha. Pikipiki ina injini ya cc 500 yenye silinda moja, inatumia methanoli, ina gia moja na haina breki. Wa kwanza anapata pointi 3, wa pili 2, wa tatu 1, wa mwisho haambulii kitu.

Mara ya kwanza usihangaike kuwafuata wote wanne. Anza na utepe wa kuanzia. Waendeshaji wanajipanga, kila mmoja anakwangua udongo kwa buti akitafuta mahali ambapo tairi la nyuma litashika, kisha wanatulia, vidole vikiwa kwenye klachi. Utepe unaruka juu, na kinachotokea kuanzia hapo hadi kona ya kwanza ndicho kinachoamua mbio nyingi. Sasa chagua mmoja, umkazie macho. Utaona anakata kona ya kushoto huku gurudumu la mbele likiwa limegeukia kulia, tairi la nyuma linateleza kwa makusudi, na mguu wa kushoto wenye kiatu cha chuma unaburuzwa chini. Kasi yake anaitawala kwa mkono wa mafuta na kwa jinsi anavyouweka mwili wake, basi. Ukishalielewa hilo kwa mtu mmoja, mbio inayofuata utaona wawili, na jioni haitaisha kabla hujabishana na jirani yako juu ya nani alimbana nani kwenye uzio.

"Nilimpeleka shemeji yangu. Akaniambia amesubiri kuliko alivyotazama. Nikakosa jibu."

Shemeji yako ana haki, na kwangu hili ndilo swali kubwa kuliko yote. Mechi ya ligi ina mbio 15. Piga hesabu: robo saa ya mashindano ndani ya jioni inayochukua karibu dakika 120. Muda mwingine wote trekta linasawazisha udongo, maji yanamwagwa kuzuia vumbi, mtu ameanguka na refa ameamuru mbio irudiwe. Shabiki wa siku zote hachoki kwa sababu ana shughuli. Ana kijitabu cha mechi magotini na kalamu mkononi. Anajaza nani kaingia wa ngapi, anajumlisha, anatazama nani anafuata na anajiuliza kocha atamwingiza nani badala ya yule anayesuasua. Shemeji yako alikaa mikono mitupu.

Kwa hiyo mara nyingine mpe kalamu. Hakuna haja ya kumfundisha sheria zote. Mwambie kwamba wenyeji huvaa helmeti nyekundu na bluu, wageni nyeupe na njano, hivyo ni wawili kwa wawili. Mwambie kila mbio ina pointi 6, mechi nzima ina 90, na atakayefikisha 46 ameshinda. Kisha mwache ajaze mwenyewe. Wenyeji wakishika nafasi mbili za juu, hiyo ni 5 kwa 1, na pengo linaruka kwa pointi nne kwa mkupuo mmoja. Ikifika mbio ya 13 akiwa ameona timu yake iko nyuma kwa pointi sita, atajua mwenyewe kwamba hakuna tena nafasi ya kupoteza, na zile dakika trekta linapopita atazitumia kuhesabu. Mbio ya 15 makocha huwachagua wanaowaamini zaidi, na mtu aliyejaza kijitabu tangu mbio ya kwanza anaijua sababu ya kila jina linalotajwa pale.

Klabu nazo zina wajibu wao. Mtangazaji wa uwanja anaposema tu "nyekundu ametolewa" na kunyamaza, amewasemesha wanaojua na kuwaacha wengine gizani. Sentensi moja inatosha: ametolewa kwa sababu aligusa utepe kabla haujapanda. Na eneo la mafundi lionekane. Mgeni akimwona fundi akibadilisha sproketi mbio kwa mbio kwa sababu udongo umeanza kukauka, huku mwendeshaji akimwelekeza kwa mikono jinsi pikipiki inavyomchezea kwenye kona, ataelewa kwamba mapumziko nayo ni sehemu ya mashindano. Klabu ikificha kazi hiyo nyuma ya turubai, inaficha nusu ya mchezo.

"Kwa nini Poland wanajaza viwanja na wengine wanahangaika?"

Wengi hujibu "pesa". Pesa zipo kweli, ligi ya Poland ndiyo inayowavuta waendeshaji bora wa dunia. Lakini tazameni ramani. Leszno, Gorzów, Zielona Góra, Grudziądz: hii ni miji ya wastani ambako timu ya spidiwei ndiyo timu kubwa ya mji. Mtoto anaikuta nyumbani kama anavyokikuta chakula. Gorzów na Zielona Góra zikikutana, siku hiyo hakuna mazungumzo mengine. Miji yenyewe imewekeza pia katika viwanja. Toruń ina Motoarena iliyofunguliwa mwaka 2009, majukwaa yake yakiwa na paa, na mgeni hanyeshewi.

Jambo ninalolipenda zaidi kwao ni vijana. Kila timu ya ligi kuu inalazimika kupanga chipukizi wa Kipoland, na mbio ya pili ya kila mechi ni yao peke yao. Watazamaji wanamjua yule kijana, wanajua alikojifunzia, na akipata pointi yake ya kwanza uwanja unasimama. Mtu akimpenda kijana wa miaka 17, atamfuatilia miaka mingi ijayo. Tangazo la barabarani halifanyi kazi hiyo.

Mapenzi ya namna hiyo huvumilia hata aibu. Mwaka 2015 mbio za Grand Prix, zile za kuwania ubingwa wa dunia wa mwendeshaji mmoja mmoja, zilifanyika kwa mara ya kwanza katika Uwanja wa Taifa wa Warsaw, watu wakajaa, mitambo ya kuanzia ikakorofisha, njia ikachimbika, na mashindano yakasimamishwa baada ya mbio ya 12. Mwaka uliofuata watu walirudi. Mgeni wa mara ya kwanza asingerudi. Waliorudi ni watu wenye timu zao nyumbani.

"Tiketi za bure zinasaidia?"

Kidogo. Aliyeingia bure mara moja bila kuelekezwa hana sababu ya kulipa mara ya pili. Ningependa tiketi ya bure iwe ya mechi ya pili, apewe mlangoni anapotoka, ikiwa na tarehe, na ikiwezekana ipitie kwa shabiki aliyemleta.

"Mwendeshaji aliyetufunga wiki iliyopita, leo kavaa jezi yetu. Mke wangu ananiuliza tunamshangilia vipi."

Huko Uingereza jambo hili ni la kawaida: mwendeshaji akiumia, kanuni zinaruhusu kumwazima mtu wa klabu nyingine aje kujaza nafasi yake kwa mechi hiyo. Ongeza na hili, kwamba waendeshaji wakubwa hukimbia katika ligi za nchi zaidi ya moja ndani ya wiki moja, leo Poland, kesho Sweden. Sababu zake nazielewa. Mchezo ni wa hatari, majeruhi ni wengi, na timu yenye waendeshaji saba tu haiwezi kwenda na pengo.

Hata hivyo nakubaliana na mkeo kwa moyo wote. Ushabiki unaanza kwa kusema "huyu ni wetu". Ukimwambia mgeni kwamba huyu ni wetu hadi saa nne usiku, umemnyang'anya kitu cha kushika. Wasimamizi wa ligi wangepunguza uazimaji huu na kuwapa chipukizi wa klabu zile nafasi, hata kama pointi zitapungua. Timu ikifungwa na vijana wake, watu wanaisamehe. Wakati tunasubiri, mwambie mkeo achague mmoja ambaye amesajiliwa kwa msimu mzima na amshikilie huyo.

"Pikipiki bila breki! Kweli nimpeleke mwanangu kutazama mambo ya kuvunjika mifupa?"

Hofu yako ni halali na sitaipunguza kwa maneno matamu. Watu huumia katika spidiwei, na wapo waliopoteza maisha. Breki hazipo kwa sababu wote wanne wanakwenda wakikaribiana sana. Mmoja akifunga breki ghafla kwenye kona, wa nyuma hana pa kwenda. Mwendeshaji huwa amefungwa kamba mkononi iliyounganishwa na swichi ya injini, hivyo akianguka injini inazimika. Kwenye kona za mashindano makubwa kuna vizuizi vya hewa vinavyopokea mwili badala ya mbao.

Mpeleke. Ila mweleze kabla, na akianguka mtu usimgeuze uso. Mwonyeshe wenzake wanavyosimama, madaktari wanavyoingia, na uwanja mzima unavyotulia hadi mtu ainuke. Ukiona kwenye bango klabu inatumia picha za ajali kuuza tiketi, waandikie barua uwaambie waache. Anayevutwa na ajali haji kwa ajili ya mchezo, na wazazi kama wewe wanabaki nyumbani.

"Viwanja vinafungwa kila mara Uingereza. Kuna maana gani ya kutafuta mashabiki?"

Inauma, najua. Peterborough na Wolverhampton zote ziliaga viwanja vyao mwaka 2023. Mara nyingi klabu ni mpangaji. Mwenye uwanja akipata matumizi mengine, idadi ya mashabiki haimzuii. Lakini Oxford walikaa zaidi ya miaka kumi bila spidiwei wakairudisha mwaka 2022, na Manchester walifungua uwanja uliojengwa mahsusi kwa spidiwei mwaka 2016. Mambo hayo yaliwezekana kwa sababu watu waliendelea kuupigania mchezo. Halmashauri ya mji husikiliza inapoona familia zenye watoto mlangoni, na ndiyo maana mashabiki wapya wanatakiwa sasa, kabla barua ya kuhama haijafika.

"Ikiwa nampeleka mgeni mara moja tu, bora Grand Prix au mechi ya kawaida ya ligi?"

Mechi ya ligi. Grand Prix ni tamu. Kwa miaka mingi, tangu 2001, Cardiff ilimwaga udongo ndani ya uwanja wa raga na kukusanya umati usioonekana kwenye mechi yoyote ya klabu Uingereza. Ila pale kila mwendeshaji anajipigania mwenyewe, na majukwaa yako mbali. Kwenye ligi mgeni ana upande wa kushangilia tangu mbio ya kwanza.

"Tukifika uwanjani, tukae wapi?"

Mbio za mwanzo kaeni juu kidogo, karibu na mstari wa kuanzia, mahali mnapoweza kuona utepe na kona ya kwanza kwa jicho moja. Kufikia mbio ya nane au ya tisa, mgeni akiwa ameshazoea kujaza kijitabu, shukeni mkasimame kwenye kona. Pale udongo unawarukia watazamaji, kwa hiyo vaeni miwani na msiende na nguo nyeupe. Watoto wawe na vikinga masikio. Na kalamu chukua mbili, kwa sababu ya kwanza ataing'ang'ania mgeni wako.