Fungu la majaribio: nani alipe gharama ya kubuni?

Wenzangu wa ushirika, Unguja na Pemba, kila tukiitwa kwenye mafunzo tunahimizwa kubuni. Buni bidhaa, buni soko, buni namna ya kufungasha. Nakubaliana na yote. Ila kuna suali ninalokutana nalo kila tunapofunga hesabu, mimi ninayeshika daftari la kikundi cha akinamama wanaolima mwani wilaya ya Micheweni, Pemba, na sijamsikia mkufunzi akiligusa: jaribio likiharibika, hasara ni ya nani?

Mawazo mengi mazuri visiwani kwetu hufia hapo. Watu wana akili na hamu, lakini mama mwenye watoto wa skuli hawezi kuitosa pesa ya unga kwenye jambo ambalo huenda lisifaulu.

Chukua sabuni ya mwani. Mpaka uupate mchanganyiko unaokubali, utakuwa umeshaharibu mafuta ya nazi, kostiki, unga wa mwani na mafuta ya karafuu, ambayo si rahisi. Mara sabuni inatoka laini haishiki, mara inakausha ngozi. Na kila mkupuo unausubiri wiki kadhaa ukauke ndipo ujue umepata au umekosa. Kikundi chetu kiliyabeba hayo yote. Tulipokipata kipimo, haikuchukua muda vikundi vya jirani vikawa na sabuni ile ile kwa bei ya chini, kwani wao hawakuwa na hasara ya kufidia. Siwalaumu hata kidogo. Ni ndugu zetu, tunaoana na tunazikana, na sabuni yao imewalisha watoto wao.

Wachumi wamelitazama jambo hili kwa makini. Mwaka 2003 Ricardo Hausmann na Dani Rodrik walieleza kwamba anayegundua kitu gani kinaweza kuzalishwa kwa faida katika nchi yake hubeba gharama peke yake. Akifaulu, wanaomuiga wanagawana naye faida. Akishindwa, hasara anabaki nayo mwenyewe. Kwa hiyo wanaothubutu huwa wachache kuliko nchi inavyohitaji. Nilipoyasoma maelezo hayo niliona daftari letu.

Na hasara ya kutojaribu ni kubwa kuliko tunavyodhani, ila huchelewa kuonekana. Mchumi Robert Solow alipopiga hesabu za Marekani kuanzia 1909 hadi 1949, alikuta kila saa ya kazi imezalisha maradufu, na takriban sehemu saba kati ya nane za ongezeko hilo hakuweza kuzieleza kwa kuongezeka kwa mitaji. Alizihesabu kuwa zimetokana na mabadiliko ya ufundi, kwa maana pana ya neno hilo: mbinu, maarifa, namna bora ya kufanya kazi ile ile. Hesabu hizo alizitoa mwaka 1957. Sisi tukitaka kipato kikue, jambo la kwanza linalotujia ni kuongeza kamba na vigingi vya kufungia mwani. Kamba zaidi zitatupa mwani zaidi, ndiyo, lakini migongo yetu ina kikomo na bamvua, siku maji yanapokupwa sana tukaweza kuingia shambani, halirefuki.

Visiwa vyetu vyenyewe vinathibitisha. Mkarafuu si mti wa asili hapa. Uliletwa mwanzoni mwa karne ya 19 kutoka visiwa vya Bahari ya Hindi vilivyokuwa vya Wafaransa, na kuna aliyeujaribu kwanza kabla Seyyid Said hajawahimiza wengine kuupanda. (Mashamba hayo yalipandwa kwa jasho la watumwa, na hilo tusilisahau tunapoyasifu.) Ugunduzi ule umetulisha mpaka leo. Lakini kwa miaka mingi tuliuza karafuu kavu kama ilivyo, na mnunuzi wetu mkubwa, Indonesia, aliyeitumia kwenye sigara zake za kretek, akapanda mikarafuu yake mpaka akajitosheleza. Bei ikaanguka, na Pemba iliumia. Ndiyo maana nakithamini kiwanda cha Wawi, hapa Pemba, kinachokamua mafuta ya makonyo: vikonyo ambavyo mtu angevitupa vimekuwa bidhaa.

Mwani nao ulianza kulimwa kibiashara Paje na Jambiani mwaka 1989, kwa mbegu kutoka Ufilipino. Leo sehemu kubwa ya mwani wa Zanzibar inatoka Pemba. Ule mnene, kotoni, una bei nzuri kuliko mwembamba, lakini maji ya pwani yakipata joto hufa. Mtafiti wa mwani, Dk. Flower Msuya, na wenzake wakajaribu kuupanda kwenye maji ya kina, ndani ya nyavu za mirija. Mbinu ilifanya kazi, ila ilihitaji chombo, na ilihitaji wanawake wanaojua kuogelea, na wengi wetu hatukufunzwa. Ikabidi mafunzo ya kuogelea yawe sehemu ya kilimo. Nalitaja hili makusudi: ukipanga jaribio, hesabu na vile vinavyolizunguka, si kifaa peke yake.

Basi sisi tumefanya hivi, na nakushauri nawe ufanye. Kabla ya kugawana faida tunatoa asilimia 10, tunaiita fungu la majaribio. Pesa hiyo haikopeshwi, haiendi harusini, na ikiharibika haulizwi mtu, mradi ameandika alichofanya: kipimo, tarehe, hali ya hewa, matokeo. Kuandika ni sharti. Jaribio lililoharibika bila maandishi atalirudia mwenzako mwakani kwa pesa ile ile.

Jengine, usijichoshe kuficha. Pemba hakuna siri ya jikoni. Tulichofanya ni kuwaita wale wale waliotuiga, tukakubaliana kila kikundi kijaribu kitu kimoja na matokeo yawe ya wote. Mmoja ameshika mafuta ya mdalasini, mwengine namna ya kukausha kwenye chanja mvua za masika, sisi tumeshika kukata na kufungasha. Gharama imegawanyika, na hata asiyependa kujaribu anachangia.

Kwa wanaosoma SUZA, chuo kikuu chetu cha taifa Zanzibar, kwa Taasisi ya Sayansi za Bahari na watafiti wa kilimo wa Kizimbani, ombi langu ni kuwa yafanyeni majaribio ambayo sisi hatuyawezi: mbegu zinazostahimili joto, vipimo vya maabara. Halafu matokeo yarudi shehiani kwa Kiswahili.

Kikundi chako kikiona asilimia 10 ni nyingi, anzeni na 2. Wasiokubali watakuwepo, hasa mwezi ambao mwani umelipa vibaya. Wekeni kiwango hicho kwenye katiba ya kikundi kabla mwezi huo haujafika, na mshika fungu asiwe yule yule mshika fedha.