Usilipe garanti kabla ya kupata watu

Ndugu, unauliza kama ulipe garanti, yaani amana ya pango, ya ile nyumba ya Kamalondo, ufungue ofisi ya pamoja ya watu wanaokodi meza za kufanyia kazi, halafu wateja watajileta. Subiri kwanza. Indy Hall, ofisi ya pamoja ya Philadelphia, Marekani, ilifungua milango 2007, lakini watu wake walikuwa wameshazoea kukutana mikahawani.

Hapa Lubumbashi, chagua siku moja ya wiki, omba meza ndefu kwenye mkahawa wenye jenereta, kila mtu ajinunulie chai. Alika mhasibu, mchora ramani, vijana wa programu. SNEL, shirika la umeme, ikikata umeme, tazama nani anabaki na nani anafunga kompyuta akaenda zake, kisha muulize kwa nini. Halafu omba malipo ya mwezi wa kwanza, hata dola chache. Sifa za WhatsApp hazilipi kodi. Wanaolipa wasipofika watu kumi, mwenye nyumba angoje.