Kwa nini Wayahudi hutahiri siku ya nane

Umeuliza kama tohara ya Wayahudi ni suala la usafi tu. Sivyo. Msingi wake ni agano: katika Mwanzo 17, Mungu anamwagiza Abrahamu, mzee wa miaka 99, atahiriwe yeye na kila mwanamume wa nyumbani mwake, na kwamba wana wa vizazi vyote watahiriwe wakiwa na siku nane, iwe alama ya agano mwilini mwao. Ndiyo maana wenyewe huiita brit mila, yaani agano la tohara, na kwa kawaida siku ya nane ikiangukia Sabato, siku ambayo kazi husimama, mtoto hutahiriwa vilevile. Mwenye wajibu ni baba, ingawa kazi hufanywa na ngariba aitwaye moheli, na mtoto hupewa jina papo hapo.

Historia yake ina machungu. Mfalme Antioko wa Nne, mtawala wa Kigiriki aliyewatawala Wayahudi, alipoipiga marufuku, mnamo 167 KK, wako akina mama waliouawa kwa sababu ya kuwatahirisha wana wao, na ukandamizaji huo ulichochea uasi wa Wamakabayo, Wayahudi waliopigana na utawala wake.

Hata hivyo, na hili naliheshimu sana, uzito wa amri haukufuta uhai wa mtoto: mgonjwa husubiri hadi apone, na katika Talmudi, mkusanyo wa kale wa sheria na mafundisho ya Kiyahudi, yamo mafundisho kwamba mama aliyefiwa na wana wawili kutokana na tohara, wa tatu asitahiriwe.