Maziwa hayaoshi mapafu: majibu ya maswali yenu ya vumbi

*Mwanangu yuko kiwanda cha sukari huko bara, kawekwa ghala la makapi ya miwa. Kila jioni homa, kikohozi kikavu, kifua kinabana. Kapima malaria hana. Akija likizo siku chache tu yuko fiti. Kuna mkono wa mtu? – Mama, Maweni, Malindi*

Hakuna mkono wa mtu mamangu, ni makapi. Yakirundikwa muda mrefu yanapata joto ndani na kuota ukungu na vijidudu, sasa yakija kufukuliwa yamekauka lile vumbi linatoka na vijimbegu vyake, kijana anavuta asubuhi na homa inampanda baada ya masaa 4 mpaka 8, yaani ashafika nyumbani, ndo maana hakuna anayeshuku kazi. Ugonjwa unaitwa bagasosisi na huko Louisiana, Marekani, uliandikwa tangu 1941. Sisi pwani kila homa ni malaria, mtu anameza dawa anarudi ghalani, na akirudia rudia hivyo mapafu yanafanya makovu yasiyotoka tena. Aende kwa daktari wa kifua, na kabla hajaulizwa aseme: nafanya kazi kwenye makapi, homa huanza jioni, siku za ofu sina kitu. Na ahamishwe ghala hilo sasa hivi, dawa zitafuata.

*Nikimaliza shifti nanywa maziwa paketi mbili, yanatoa vumbi? – Gongoni*

Hapana. Swali hili nalijibu kila mara jamani! Maziwa yanaenda tumboni, vumbi liko kwenye mapafu, ni njia mbili tofauti. Mwajiri anayegawa maziwa badala ya barakoa anawapumbaza.

*Leso ya kulowesha au ile mask ya corona inatosha? – Watamu*

Haitoshi, zote zinapitisha vumbi laini pembeni. Tafuta N95, ile barakoa ya kuchuja vumbi laini, inayoshika uso, na mwenye ndevu ajue haimshiki vizuri. Lakini barakoa ni ya mwisho. Kwanza vumbi lenyewe lipunguzwe, makapi yaloweshwe, hewa ipite, na mfagio mkavu uachwe kabisa.

*Nachonga milango Lamu. Vumbi la mbao si mti tu wa Mungu? – Fundi, Langoni*

Ami, linaleta pumu na hata saratani ya pua. Pigia msasa nje, upepo uwe mgongoni.

*Sisi tunapakia sukari nyeupe, hiyo haina neno si ndio? – Malindi*

Inawasha koo na kuozesha meno, ila hatari kubwa hujaiuliza. Vumbi la sukari likijaa hewani linalipuka. 2008 kiwanda cha Port Wentworth, Georgia, kililipuka hivyo wakafa watu 14. Anayewasha sigara hapo mtoeni mara moja, na msipulize vumbi kwa kompresa.

*Bosi anatukata mask kwenye mshahara, ni sawa? – Mpeketoni*

Si sawa. Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya 2007 inasema mwajiri ndiye atoe vifaa vya kujikinga na avitunze. Wekeni payslip zenye hayo makato, nendeni kwa afisa wa usalama kazini mkiwa wengi, na aliyeugua awe na barua ya daktari inayotaja kazi yake, maana bila hiyo fidia itamsumbua sana kuipata.