Stempu ya India yenye neno Zanzibar, ni feki?

SWALI: Shikamooni wahariri. Kwenye kasha la marehemu bibi nimekuta bahasha kuukuu, stempu yake ina picha ya malkia na imeandikwa India Postage, halafu juu yake limepigwa neno Zanzibar kwa wino mweusi. Kaka anasema feki, sababu Zanzibar haijawahi kuwa India. Ni kweli? Msomaji, Tanga

JIBU: Marahaba. Kwanza usiibandue kwenye bahasha, tafadhali sana! Stempu kama hizo zipo kweli, ndo za mwanzo za posta ya Zanzibar zenye jina lake. Iko hivi, posta ya kule ilikuwa inaendeshwa na serikali ya India chini ya Mwingereza, ilifunguliwa 1868, ikafungwa, ikafunguliwa tena 1875, maana wafanyabiashara wa Kihindi walikuwa wengi Unguja, kwahiyo ukienda kutuma barua unauziwa stempu ileile inayouzwa Bombay, kwa anna na rupia, pesa za India, cha Zanzibar ni mhuri tu. Novemba 1895 posta ikatoka mikononi mwa India, ila stempu zao wenyewe hazijawa tayari, basi wakachukua hizohizo za India wakazipiga jina juu, hapohapo mjini, kwenye mtambo uliokuwa unachapa gazeti la serikali.

Sasa chukua lenzi usome herufi moja moja taratibu. Mpanga herufi mtamboni aliteleza, ziko zilizotoka Zanzidar, nyingine Zanibar, na hizo ndo watu wanazitafuta kwa udi na uvumba. Waghushi nao wanalijua hilo, so usimuuzie mtu kabla mjuzi hajaiona.

Za kwao zenyewe zilikuja 1896 kutoka De La Rue, wachapaji wa London, zina sura ya Sultani Hamad bin Thuwaini. Naye akafariki Agosti 25 mwaka huohuo, siku mbili baadae vikaja vita na Mwingereza vya dakika chini ya hamsini, Hamoud akakalishwa kwenye kiti cha usultani, lakini barua ziliendelea kusafiri na sura ya marehemu mpaka 1899. Mimi hii huwa inanigusa sana.

Na baada ya Mapinduzi kazi ikawa ileile, stempu za Sultani Jamshid zikapigwa juu maneno Jamhuri 1964. Angalia vizuri humo kashani, huenda bibi aliweka na hizo. Halafu tuambie, mhuri kwenye bahasha yako unasomeka tarehe gani?