Barua kwa mwanangu: nani anakamua?

Mwanangu,

Umeniuliza kama uende kusimama na wenzako mbele ya ubalozi wa Tanzania pale Nairobi, au nauli hiyo uiweke kwenye mchango wa mawakili wa Wamaasai wa Loliondo, kaskazini mwa Tanzania. Kwa simu nilishindwa kukujibu.

Mimi kabla ya bango na kabla ya wakili huuliza: nani anakamua?

Mama mdogo wako alipobisha hodi Juni ile ya 2022, ulikuwa shuleni. Vigingi vilikuwa vikichimbiwa kutenga kilomita za mraba 1,500, malisho ya vijiji yawe pori la akiba. Tarehe 10 watu walijitokeza kupinga, wakapigwa risasi na mabomu ya machozi. Askari mmoja naye aliuawa, na yeye pia alikuwa na mama. Baadhi ya viongozi wa kata walioshtakiwa kwa mauaji hayo walikuwa wamekamatwa siku moja kabla. Aliye korokoroni tangu jana anauaje leo?

Mama mdogo wako alivuka mpaka usiku kuja Kenya, mtoto mgongoni, kidonda mguuni. Kwao hospitali ingemdai kwanza PF3, fomu ya polisi ya majeruhi kutibiwa. Nani akaombe fomu kwa aliyempiga?

Asubuhi watu wawili walisimama langoni wakiuliza wageni. Nikasema: hapa hakuna mtu. Nililazimika, na leo ningesema hivyo hivyo. Lakini yeye alikuwa nyuma ya pazia, akamsikia dada yake akimfanya si mtu. Hakunilaumu. Aliuliza tu: “Ng'ombe wangu anawakamua nani?” Mumewe alikuwa mahabusu, naye alikimbia ndama wakiwa wamefungiwa. Kaka yako alipofika, wawili walikuwa wamekufa zizini, na mama zao wamevimba viwele, wanalia.

Ndiyo maana nasema, nani anakamua.

Lakini maziwa hayakumtoa shemeji yangu mahabusu. Mawakili walisimama naye hadi mashtaka yakafutwa Novemba. Tena Mahakama ya Afrika Mashariki iliitupa kesi ya ardhi Septemba 2022, na bila mawakili kukata rufaa, hukumu hiyo isingetenguliwa Novemba 2023. Kwa hiyo pesa iende huko? Sijui kama ni hivyo tu. Redio ilipowataja vijana wetu waliosimama Nairobi Juni ile ile ya 2022, mama mdogo wako aliinuka kitandani akaomba chai. Ilikuwa ya kwanza tangu afike. Hiyo nayo nitaihesabu wapi?

Unataka niseme nenda au usiende. Jibu ninalo, liko hapa mdomoni, lakini likitoka litakuwa amri ya mama, nawe umeshakuwa mtu mzima. Ukienda, vaa viatu vya kukimbilia, uniachie namba ya mwenzako mmoja. Usipoenda, kabla hujawatumia mawakili nikatie kidogo ya dawa ya kupe. Ng'ombe wa mama mdogo wako bado wako kwetu, malisho yao yamefungwa, na yule mwekundu ananikataa kila nikimshika kiwele.

Mama yako